Wanafalaki wafunika nyota ili kuona sayari za mbali

KUPIGA picha sayari inayozunguka nyota ya mbali ni kazi ngumu hata kwa darubini kubwa, kwa kuwa mwanga wa nyota huimeza sayari hiyo. Jua letu, kwa mfano, hung'aa kuliko Dunia takriban mara bilioni 10.

Kifaa kinachotumiwa kuondoa kikwazo hicho huitwa koronagrafu. Kilibuniwa na mwanafalaki Mfaransa, Bernard Lyot, miaka ya 1930 ilipoanza. Nia yake ilikuwa kuchunguza taji la jua, yaani gesi ya moto inayolizunguka, bila kungoja jua lipatwe.

Ndani ya darubini huwekwa kisahani kidogo kinachoikinga nyota, jinsi mwezi unavyolikinga jua linapopatwa. Hata hivyo, kisahani pekee hakitoshi. Mwanga hupinda kwenye kingo za darubini na kusambaa hadi mahali ilipo sayari. Kwa sababu hiyo, Lyot aliongeza kizuizi cha pili chenye umbo la pete ili kuunasa mwanga huo.

Mnamo 1984, Bradford Smith na Richard Terrile walitumia koronagrafu nchini Chile, wakapiga picha ya vumbi linaloizunguka nyota Beta Pictoris.

Mnamo 2025, darubini ya angani ya Webb ilitumia kifaa cha aina hiyo kupiga picha sayari za nyota HR 8799, iliyo umbali wa miaka 130 ya mwanga. Katika mwanga wake ilionekana dalili ya gesi ya kaboni dioksidi.

Sayari hizo ni nzito kuliko Mshtarii na bado zina joto la kuumbwa kwake, jambo linalorahisisha kuziona. Kufikia mwaka huo, sayari zaidi ya 6,000 zilikuwa zimethibitishwa nje ya mfumo wa jua, lakini zilizopigwa picha moja kwa moja hazikufika 100.

Sayari iliyo mfano wa Dunia, inayozunguka nyota kama jua, haijapigwa picha bado. Shirika la Marekani la NASA linapanga darubini iitwayo Habitable Worlds Observatory kwa kazi hiyo. Ikifaulu, wanasayansi wataweza kutafuta mvuke wa maji na oksijeni katika hewa ya sayari hizo, na kukadiria iwapo zina uhai.