Upana wa Reli na Kufuli la Maneno

Kampuni ya reli ya CFL ya Kongo, iliyoasisiwa mwaka 1902 na tajiri Édouard Empain wa Ubelgiji, ilipojenga njia yake kutoka Kindu hadi Kongolo ili kuyakwepa maporomoko ya Lualaba, ilizitandika reli kwa upana wa milimita 1,000, ilhali zile za Katanga zilikuwa za milimita 1,067. Na kwa tofauti hiyo, isiyofikia upana wa vidole vinne, behewa la Kindu halikuweza kupita katika njia ya Elisabethville, huko Katanga. Kizuizi kilikuwa katika chuma chenyewe, na dawa yake ikawa kazi ya mikono: mwaka 1955, njia ya Kabalo na Kamina ikiwa inajengwa, reli za CFL zilipanuliwa zikalingana na za jirani, isipokuwa ile ya Kisangani na Ubundu, ambayo imebaki na upana wake wa kale.

Nimeitanguliza habari hiyo kwa sababu kompyuta za Apple zimepita safari hiyo kinyume. Tarehe 6 Juni 2005 Steve Jobs alitangaza kwamba Mac zitatumia chipu za Intel, zilizokwisha kuenea katika kompyuta za kila namna. Na Mac hizo zilipotoka Januari 2006, upana ukawa mmoja. Kilichobaki ni sharti la leseni, kwamba mfumo endeshi wa Mac usiwekwe ila katika mashine yenye chapa ya Apple, pamoja na mlinzi mdogo: chipu iliyohifadhi herufi 64 zenye kumsihi mtu asiibe jasho la wenyewe, nazo ndizo zilizokuwa ufunguo wa baadhi ya programu za mfumo huo. Mafundi wa kujitolea wakaandika programu ya kujifanya chipu hiyo, nayo ilipoulizwa ufunguo ikautoa bila kusita, na kompyuta iliyoungwa nyumbani kwa vipande vya madukani ikawaka kama Mac, wakaiita hakintoshi. Haikuwa kazi nyepesi, maana aghalabu sauti ilikuwa bubu, na kila toleo jipya liliweza kuvuruga yote.

Kwa maoni yangu, aliyenunua nakala yake kwa fedha halali, akaiweka katika mashine yake kwa matumizi yake, hakumdhulumu mtu, ijapokuwa sharti amelivunja. Kampuni ya Psystar ya Florida, iliyoanza mwaka 2008 kuuza mashine za namna hiyo, ilikuwa jambo jingine: Novemba 2009 Jaji William Alsup aliamua kwamba imekiuka hakimiliki, na mahakama ya rufaa ikaiunga mkono hukumu hiyo mwaka 2011.

Mafundi wa nyumbani hawakuzuiwa na hukumu hiyo. Lakini Juni 2020 Apple ilitangaza kuhamia kwenye chipu zake yenyewe, ambazo haiwauzii waunda kompyuta wengine, na hivyo tofauti ikarudishwa ndani ya chuma kwa makusudi. Na mwaka 2025 ikaarifu kwamba Tahoe ndilo toleo la mwisho la mfumo wake litakalokubali Mac za Intel, na pamoja nazo hakintoshi zote.