Maji, Risasi na Neno la Mtu

Ukiwa Idete, milima ya Mahenge iko kusini, ng'ambo ya Mto Kilombero. Huko, tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji, Wapogoro na Wambunga miongoni mwao, waliivamia boma ya Wajerumani. Walikuwa wameambiwa kwamba dawa ingegeuza risasi kuwa maji. Bunduki mbili za rashasha zikawajibu. Kinjikitile, aliyeitoa dawa hiyo, alikuwa amekwisha kunyongwa mapema mwezi huohuo.

Tusiwacheke. Tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, Marekani, watu waliosoma nao waliamini neno. Katika mazoezi ya filamu ya Rust, Alec Baldwin alikabidhiwa bastola, akaambiwa ni salama. Ndani mlikuwa na risasi ya kweli. Halyna Hutchins, mkuu wa wapiga picha, akafa. Mwongozaji Joel Souza akajeruhiwa. Mtunza silaha, Hannah Gutierrez-Reed, alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2024.

Wa Mahenge hawakuwa na njia ya kuijaribu dawa ila kwa vifua vyao. Wa New Mexico wangeweza kuzitazama risasi, moja baada ya nyingine.

Siku vijana wa bondeni watakapoigiza Majimaji mbele ya kamera ya simu, kuna atakayesema, "Gobore la babu halina kitu." Asiaminiwe. Bunduki ya kuchonga kwa mti inatosha.