Unyayo na Pezi

Mtu wa visiwani afikapo Arusha, Mlima Meru ukiwa umesimama mbele yake kwa kimo cha mita 4,566, hudhani kwamba bahari ameiacha mbali. Na aingie kwanza katika Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Humo husimuliwa asili ya binadamu. Katika mkoa huohuo, huko Laetoli, mwaka 1978 zilifukuliwa nyayo za viumbe waliotembea wima yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Lakini mguu wenyewe ulitoka wapi? Jibu tulitafute katika bahari ya Tanga, mji ambao reli yake iliifikia Arusha mwaka 1929.

Katika kina cha bahari hiyo huishi silikanti. Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa East London, Afrika Kusini, alimwona katika shehena ya wavuvi. Profesa J. L. B. Smith akamtambua kuwa ni wa ukoo uliodhaniwa kutoweka pamoja na madinosaria. Wa pili alipatikana Nzwani, Komoro, mwaka 1952. Na wavuvi wa huko walikuwa na jina lao kwa samaki huyo: gombessa. Kumbe kilichowashangaza wataalamu hakikuwa kigeni kwa wenye bahari yao.

Mchana silikanti hujificha mapangoni, aghalabu zaidi ya mita 100 chini ya maji. Usiku hutoka kuwinda, akielea polepole na mkondo. Mapezi yake manene yana mifupa ndani, naye huyachezesha kwa kupishana, mithili ya mnyama wa miguu minne atembeapo. Hata hivyo, tusimwite babu. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kamongo, samaki mwenye mapafu, yu karibu nasi zaidi. Silikanti ni binamu tu, lakini binamu aliyehifadhi kumbukumbu.

Hatagi, bali huzaa. Utafiti wa magamba yake wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba mimba huchukua miaka 5 hivi, na kwamba aweza kuishi karne nzima.

Hapo ndipo penye msiba. Tangu mwaka 2004 makumi ya silikanti wamenaswa Tanga katika majarife yaliyotegewa papa. Mvuvi hakuwakusudia, wala nyama yao ya mafuta haina faida sokoni. Hifadhi ya bahari ya silikanti ilitangazwa huko mwaka 2009. Lakini mpaka uliochorwa ramanini haulizuii jarife lisilochagua. Na mvuvi aambiwaye aliache hana budi aonyeshwe riziki nyingine. Nyayo za Laetoli tulizifukia upya ili zisiharibike. Pezi lililo hai nalo linahitaji ulinzi wetu, kwani mama mmoja mjamzito akifa wavuni, bahari hungoja miaka mingi kumpata wa kushika nafasi yake.