Mama Mwenye Kazi Mbili: Tujifunze kwa Mtakatifu Zélie Martin



Mara nyingi tunasikia ikisemwa kwamba akina mama wa zamani walitulia nyumbani wakalea, na kwamba mahangaiko ya mama wa leo, anayegawanyika kati ya kazi na watoto wake, yameletwa na usasa. Juma hili tunapenda kuitazama historia ya mama mmoja wa karne ya 19, ambaye binti yake, Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, ni msimamizi wa parokia na vigango vyetu vingi. Tutaona kwamba mahangaiko hayo ni ya siku nyingi, na kwamba utakatifu haukumwondolea mama huyo uzito wake.

Zélie Guérin alizaliwa mwaka 1831 kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Alitamani kuwa mtawa, lakini hakupokelewa. Ndipo alipogeukia ufundi uliousifisha mji wa Alençon, yaani lesi inayoshonwa kwa sindano na uzi mwembamba, ambayo kila sentimita moja ya mraba hudai kama saa saba za kazi. Mwaka 1853 alianzisha biashara yake mwenyewe. Wanawake walishona vipande majumbani mwao, na kila Alhamisi wakamletea. Yeye aliviunganisha kwa mkono wake, kazi isiyovumilia kosa hata dogo. Basi alipofunga ndoa na Louis Martin, fundi saa, tarehe 13 Julai 1858, alikuwa tayari mwajiri.

Kati ya mwaka 1860 na 1873 walijaliwa watoto tisa. Wanne kati yao walifariki wakingali wadogo. Zimesalia barua za Zélie zaidi ya 200, na humo hajifichi. Analalamika kwamba oda zikizidi anakuwa mtumwa wa lesi, na zikipungua anaogopa hasara. Anachoka, anakesha, anawaza ada za shule za mabinti. Tunaposoma hayo tunamtambua mara moja: ni mama yule yule tunayekutana naye kila siku katika jumuiya zetu.

Jambo lililomwumiza kuliko yote lilikuwa malezi ya watoto wachanga. Maziwa yake hayakutosha, hivyo ilimbidi kuwakabidhi kwa wanawake wengine wawanyonyeshe, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Mwaka 1870 mtoto wake Mélanie-Thérèse alipata mnyonyeshaji asiyemjali, akafa kwa kukosa chakula, hajatimiza hata miezi miwili. Miaka mitatu baadaye, Theresia alipokuwa mchanga na hali yake mbaya, Zélie alitembea kwa miguu alfajiri hadi kijiji cha Semallé kumwomba Rose Taillé, mke wa mkulima, amsaidie. Rose naye alikuwa na watoto wake wa kulea, lakini alikubali. Theresia alikaa kwake karibu mwaka mzima, akarudi nyumbani Aprili 1874 akiwa na afya njema. Hata hivyo, mwaka 1877 iligundulika kwamba mtumishi wa ndani alikuwa akimtesa kwa siri Léonie, mmoja wa mabinti, na mama asijue. Ni mama gani anayefanya kazi nje ya nyumba yake asiyeielewa hofu hiyo?

Sasa tutazame jambo ambalo husahaulika. Mwaka huo huo wa 1870 Louis alimwuzia mpwa wake duka lake la saa. Alikuwa fundi hodari, na duka lilikuwa lake kwa miaka mingi. Aliliacha ili ashike hesabu na safari za biashara ya mke wake. Hakuona haya kwamba mwenye ujuzi wa lesi ni mkewe. Na Zélie alipofariki kwa saratani ya matiti tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na umri wa miaka 45, Louis alihamia Lisieux pamoja na mabinti wake watano, wawe karibu na ndugu wa mama yao. Wote watano walikuja kuwa watawa. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Zélie na Louis kuwa watakatifu, wanandoa wa kwanza kutangazwa pamoja.

Kanisa limelisema jambo hili waziwazi. Katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi ipangwe kwa namna ambayo mwanamke halazimiki kuitupa familia yake ili apate kuendelea. Nchi nazo zimejaribu. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi. Baba ikampa siku 3. Tofauti hiyo inatueleza tulivyozoea kufikiri: mtoto ni wa mama, na baba ni mgeni anayepita kupongeza.

Wapendwa, tumezoea kumwuliza mama, “Unawezaje kufanya kazi na kulea?” Historia ya nyumba ya Martin inatufundisha kuwauliza wengine pia. Tumwulize baba: wewe umeacha nini? Tumwulize mwajiri: umempangiaje saa zake? Tujiulize wanajumuiya: nani kati yetu ni Rose Taillé, ambaye mama aliyelemewa anaweza kumbishia hodi alfajiri? Na msichana anayetulelea watoto, je, tunamlipa na kumheshimu kama mtu aliyekabidhiwa hazina yetu?

Zélie hakuyamudu yote, na hakuna aliyetumwa kuyamudu yote peke yake. Watakatifu Zélie na Louis watuombee.