Kalamu, Jasi na Kamera katika Uchunguzi wa Mwezi

Kasoko za Mwezi, yaani mashimo ya mviringo yenye kingo zilizoinuka, zilianza kuchunguzwa kwa darubini mwaka 1609, na mapema Galileo alitambua kuwa vilele hupata nuru kabla ya mabonde, hivyo urefu wake unaweza kukadiriwa. Tangu hapo watazamaji walipendelea mpaka wa mchana na usiku wa Mwezi, ambako jua huwa chini na vivuli hurefuka. Mwezi mpevu, unaodhaniwa na wengi kuwa ndio unaofaa, hufifisha karibu kila umbo.

Wilhelm Beer na Johann Mädler, waliotumia mjini Berlin darubini yenye lenzi ya kipenyo kisichofika sentimita 10, walichapisha kati ya 1834 na 1836 ramani iliyokosa mpinzani kwa miongo kadhaa. Kamera haikuishinda upesi, ingawa John William Draper alikwisha kupata picha ya Mwezi huko New York mwaka 1840. Hewa ya dunia hutikisika bila kukoma, na bamba la picha, yaani kioo au chuma kilichopakwa kemikali inayoathiriwa na nuru, lilipofunuliwa kwa sekunde kadhaa lilikusanya mtikisiko wote huo, ilhali jicho lililozoea liliweza kungoja nukta ya utulivu na kuacha mkono uchore.

Ndiyo maana James Nasmyth, mhandisi Mskoti aliyejulikana zaidi kwa nyundo yake ya mvuke, alipotayarisha na James Carpenter kitabu kilichotoka mwaka 1874, alichora kasoko kwa miaka mingi kutoka kwenye darubini, akazifinyanga kwa jasi, kisha akaziweka sanamu hizo juani, miale ikizipiga kwa upande, na kuzipiga picha. Hakuficha mbinu hiyo, na kurasa zake bado zinavutia mno. Hata hivyo milima yake imechongoka kupita kiasi, na waandishi hao waliamini kasoko zilitokana na volkano, dhana iliyotetewa hadi karne ya 20, ambapo ushahidi wa migongano ya vimondo ulishinda.

Maurice Loewy na Pierre Puiseux walitoa mjini Paris, kuanzia 1896, atlasi ya picha halisi iliyotegemewa kwa miongo mingi. Siku hizi wapenzi wa anga hurekodi video yenye maelfu ya fremu, nayo kompyuta huteua zile chache zilizonaswa hewa ikiwa shwari, ikaziunganisha na kuzitupa zilizobaki.