Magadi, Si Besi

Nimeletewa kitini cha kilimo kinachowaeleza wakulima wa Bahi kwamba udongo wao una "hali ya kibesi". Mkulima wa Bahi anaifahamu hali hiyo kuliko aliyekiandika kitini. Kiangazi, maji ya mbuga yakishakauka, huuona ukoko mweupe juu ya ardhi, na jina lake analo tangu kwa babu zake: huo ni udongo wa magadi. Besi anayoijua yeye ni ile ya spika za harusini.

Neno magadi niliwahi kulipeleka mbele ya kamati ya istilahi ili lishike nafasi ya besi, jina la kinyume cha asidi katika kemia, nami nikajibiwa kwa mkato kwamba ni neno la jikoni. Jibu hilo halikuniridhisha siku ile na haliniridhishi leo. Chumvi ilitoka wapi kama si jikoni? Ilianza kuwa jina la kitu kimoja kinachokolezwa kwenye mboga, nasi tukaipanua mpaka mrututu ukaitwa chumvi ya shaba, na hakuna mwanafunzi aliyeutia mchuzini kwa sababu ya jina. Waliokubali kuipanua chumvi wananidai sababu gani zaidi ili waipanue na magadi?

Tuitazame asili ya hilo neno besi wanalolitukuza. Mwaka 1754 mkemia Mfaransa Guillaume-François Rouelle alilitumia neno lenye maana ya msingi au kitako, kwa kuwa aliona kwamba asidi nyingi ni majimaji au mvuke, na kinachoipa chumvi umbo gumu la kukaa ni kile kitu cha pili kinachoungana na asidi. Msemaji wa Kifaransa alilisikia neno akakiona kitako. Sisi tumechukua sauti, tena kwa matamshi ya Kiingereza, na maana tukaiacha Paris. Besi kwa Kiswahili haina mzizi wala ndugu.

Wapo wanaokwepa kwa kusema alkali. Hawa nawaheshimu kidogo zaidi, maana neno lao ni la Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea ya nchi ya chumvi, na ndilo lililozaa kalium, ambayo herufi yake K tunaiandika kwa potasiamu. Lakini sikio la mtoto wa Kiswahili litasikia nini ndani ya alkali? Litasikia kali, kisha atakumbuka tindikali, naye ataviweka upande mmoja vitu viwili vinavyopingana. Hilo ni kosa la istilahi, wala halimhusu mtoto.

(Kwa upande wa asidi sina ugomvi. Tindikali nayo inaeleweka, ila magazeti yameifunga kwenye uhalifu; mvinyo wa zabibu za Makutupora una asidi, na hapa mjini Dodoma hutamsikia mtu akisema una tindikali.)

Wazungu wenyewe hawakuyaonea haya majivu na chungu. Humphry Davy alipoitenga potasiamu mwaka 1807, aliipa jina lililotokana na majivu yaliyochemshwa chunguni. Sodiamu aliitenga mwaka huohuo, na alama yake, Na, inatokana na natron, neno lililopita kwa Waarabu na Wayunani kutoka Misri ya kale. Natron hiyo ndiyo magadi yetu! Ziwa Natron limebeba jina hilo. Kusini yake, ziwa lililo ndani ya kreta ya Ngorongoro huitwa Magadi kwa Kiswahili na Makat kwa Kimaasai. Kila shule ya Dodoma inayoandika Na ubaoni inaandika magadi kwa Kimisri, halafu tunaambiwa kwamba kwa Kiswahili haiwezekani.

Pingamizi moja lina uzito, nami nitalijibu kwa uzito. Wanasema magadi ni sodiamu kaboneti, na kwa mgawanyo wa vitabu vya shule kaboneti iko kundi la chumvi. Ni kweli. Lakini ukiyayeyusha kwenye maji, karatasi nyekundu ya litmasi hugeuka buluu, na tangu Brønsted na Lowry walipotoa maelezo yao mwaka 1923, kila kinachopokea protoni kimehesabiwa kuwa hiyo besi yao, kaboneti ikiwemo. Wapinzani wangu wanashikilia kundi la kitabu na kuisahau kanuni ya 1923 wanayoifundisha wenyewe. Mama wa Kigogo anayetia magadi kwenye mlenda ili uive upesi na uzidi kuteleza anakitumia kitu kilekile kwa sifa yake ileile, na ugoro wa wazee huchanganywa nacho. Watu waliokwisha kuishi na sifa hii hawahitaji kuazimiwa jina lake, nami sitaacha kulisema hili mbele ya kamati yoyote itakayoniita, hata ile iliyokwisha kunikatalia.

Kuhusu matumizi: magadi (magadi haya), -a kimagadi, umagadi, chokaa na kostiki ni magadi, na palipo na shaka, kile cha jikoni kiandikwe magadi ya ziwa.