Plastiki zenye chembe za metali: zinazuiaje bakteria, na kikomo chake ni kipi?

Dumu la plastiki halikosekani katika nyumba za mpakani mwa Uganda na Kenya, kuanzia Malaba wilayani Tororo hadi miji miwili ya Busia. Ndilo linalobeba maji kutoka kisimani, na mara nyingi ndilo linaloyahifadhi hadi yanywewe. Utando wa bakteria ukiota ndani yake, maji yaliyochotwa yakiwa safi huweza kuchafuka kabla ya kufika kinywani. Ndiyo maana chombo kinachotangazwa kuwa kinaua bakteria huvuta macho ya mnunuzi.

Hutengenezwaje?

Polima, kama vile polithini au polipropilini, huchanganywa na chembechembe za fedha, shaba au oksidi ya zinki. Punje za plastiki huyeyushwa kwa joto, chembechembe hutiwa humo, kisha mchanganyiko huo huingizwa katika kalibu. Mara nyingi chembe hizo hazizidi nanomita 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Udogo huo una faida yake: kadiri metali inavyogawanywa vipande vidogo, ndivyo eneo linalogusana na unyevu linavyoongezeka.

Hufanyaje kazi?

Zikipata unyevu, chembe hizo huachilia ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme. Ioni za fedha hushikamana na protini za bakteria, huharibu utando wa seli na kuvuruga vimeng'enya vinavyoipa nguvu. Vichujio vya maji vya udongo vinavyotengenezwa Uganda na Kenya hutiwa fedha kwa sababu hiyo hiyo.

Mipaka yake

Kipimo cha kimataifa cha ISO 22196 huweka bakteria juu ya plastiki katika hali ya unyevu kwa saa 24, kwenye nyuzi joto 35. Kitasa cha mlango au kaunta ya ofisi huwa kikavu, na aghalabu hufunikwa na vumbi na mafuta ya mikono, kwa hiyo ioni hupungua kasi au hukosa kufikia kijidudu.

Aidha, kipimo hicho hakihusu virusi. Mwaka 2020, madereva wa malori walipopanga foleni ndefu Malaba na Busia wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, alama ya kuua bakteria kwenye chombo chochote isingekuwa kinga dhidi ya ugonjwa huo.

Bakteria nao huweza kuizoea metali. Mwaka 1975, watafiti walieleza kuhusu salmonela sugu kwa fedha iliyopatikana katika wodi ya majeruhi wa moto mjini Boston, Marekani.

Sheria za Marekani huruhusu mtengenezaji kusema kwamba metali inakilinda chombo chenyewe dhidi ya kuoza au kunuka. Akidai kwamba inalinda afya ya mtumiaji, hana budi kusajili bidhaa yake na kutoa ushahidi.

Tofauti hiyo ni muhimu pale kipindupindu kinapozuka. Dumu lenye chembe za fedha bado huhitaji kusuguliwa na kufunikwa; maji yake bado huhitaji kuchemshwa au kutiwa klorini, na mikono bado huhitaji sabuni.